Mrejesho: Sungura aliyekula maganda ya parachichi na chapati

Nawashukuru wote mliojibu swali langu kuhusu sungura wetu hapa Kayole, aliyejipenyeza jikoni akatafuna maganda ya parachichi pamoja na mabaki ya chapati. Yu hai, na anakula.

Aliyenionya nisisubiri atapike alinisaidia kuliko anavyodhani, kwa maana sungura hana uwezo wa kutapika, na chochote akilacho sharti kipite chote tumboni. Daktari wa mifugo alieleza kwamba majani, ganda na mbegu ya parachichi vina sumu iitwayo pasini, inayoweza kudhuru moyo wa sungura, ndiyo maana alisikiliza mapigo na pumzi yake kwa muda mrefu kabla ya kuturuhusu kurudi nyumbani. Chapati nayo si salama: wanga mwingi huvuruga vijidudu vya tumboni, gesi hujaa, na utumbo waweza kusimama kabisa. Tuliagizwa tuchunguze kinyesi usiku kucha, na tumrudishe mara moja iwapo angekaa kwa saa 12 bila kula wala kunya.

Kinyesi kilipungua, punje zikawa ndogondogo, kisha kikarejea hali yake alipoendelea kupewa nyasi kavu za malisho aina ya Rhodes na maji tele. Mlionipendekezea nimnyweshe mafuta ya kupikia, nawaheshimu, lakini sikuyatumia, kwa kuwa daktari aliyakataza. Sasa mlango wa jikoni una wavu, na ndoo ya taka ina kifuniko kizito. Mwenzake naye alichunguzwa, akaonekana mzima.