Tupeane uzoefu: kufundisha "ninyi ni hekalu" (1 Wakorintho 3) kwenye jumuiya

Katekista, Kimara
Tumsifu Yesu Kristo, na wengine Bwana asifiwe. Mnaoongoza jumuiya hapa Dar, leteni mbinu. Naanza: usifungulie mstari wa 16. Anza 1:11, taarifa ya watu wa Kloe kwamba kanisa la Korintho lina magomvi, kisha 3:4, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Dakika kumi zinatosha. Ukiruka hapo, watatoka wakijua kuharibu hekalu ni kuvuta sigara. Habari ya mwili wa mtu iko 6:18-20, na hoja ya huko ni zinaa. Huku ni "ninyi", kundi zima. Kiswahili kimeturahisishia, maana Kiingereza cha leo hakitofautishi wewe na ninyi. Neno la Kigiriki ni naos, chumba cha ndani anakokaa Mungu, si ua. Na hekalu la Yerusalemu lilikuwa bado limesimama, lilichomwa mwaka 70. Waraka ni wa miaka ya 50.

Fundi, Mbagala
Mkuu, usisahau 3:12. Vifaa sita: dhahabu, fedha na mawe vinastahimili moto, miti, majani na manyasi havistahimili. Uliza banda la mabanzi na makuti likishika moto kinabaki nini, wataelewa bila mahubiri. Somo huharibika hapa: wa mstari wa 15 kazi yake inateketea, mwenyewe anaokoka. Wa mstari wa 17, anayeharibu hekalu, Mungu atamharibu. Hao ni wawili, msiwachanganye.

Mama wa Jumuiya, Tabata
Wakiwepo Wakatoliki na Walutheri, mstari wa 15 lazima ulete toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa. Sema wazi kwamba Wakatoliki huutumia kuiunga mkono na Walutheri hawakubali, kisha songa mbele. Ukikaribisha mjadala, chai itapoa na mstari wa 17 hamjaufikia.

Mwinjilisti, Kigamboni
Wapo viongozi wanaoushika mstari wa 17 kama fimbo ya kunyamazisha wanaouliza mapato na matumizi. Wameugeuza. Aya nzima inamwonya anayejenga juu ya msingi, ndiyo kusema sisi walimu. Soma na Ezekieli 9:6: hukumu inaanzia patakatifu, na wa kwanza ni wazee waliosimama mbele ya nyumba. 1 Petro 4:17 ni wazo hilohilo. Kisha chora kwenye karatasi ya manila njia ya utukufu wa Mungu ukiondoka hekaluni: kizingiti (Ezekieli 10:4), lango la mashariki (10:19), mlima wa mashariki mwa mji (11:23). Hauondoki kwa mkupuo, na watu wanapenda kuifuata hiyo ramani kwa kidole.

Muda ukibaki, fungua 1 Wakorintho 11:21, mmoja ana njaa na mwingine amelewa kwenye meza moja. Swali la kufungia lisiwe "tumejifunza nini". Uliza nani ameacha kuja tangu mchango wa ujenzi upangiwe kiwango. Andikeni majina, mgawane wa kuwatembelea kabla ya Jumamosi, na msiende na daftari la michango.