Dutifrii ya melini: chupa ngapi zilifika Dodoma? Tupeane uzoefu

Mzabibu wa Hombolo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu!

Najua mtacheka. Mtu wa Dodoma, bahari kaiona ukubwani, leo anafungua uzi wa meli za kitalii. Chekeni mmalize, halafu mlete na ya kwenu.

Dada yangu ameolewa Durban. Desemba iliyopita yeye na shemeji wakatulipia safari ya meli ya siku nne: mnatoka Durban, mnafika kwenye visiwa vya upande wa Msumbiji, mnarudi Durban. Viza haikutusumbua, maana pasipoti yetu inaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi mafupi. Tukapanda mimi, mama watoto na kijana wetu wa miaka 15.

Jioni ya kwanza mama watoto kavaa, kanukia, kashuka kwenye maduka ya dutifrii ya melini, yale ya bila ushuru. Kakuta yamefungwa. Meli ilikuwa bado gatini. Mhudumu akasema subirini tuondoke. Mimi nikajua ni ujanja wa biashara, wanatutia hamu. Kumbe ile mali haijalipiwa ushuru wa nchi yoyote. Ukiiuza meli ikiwa bandarini, umeiuza ndani ya nchi, na nchi itadai chake. Kwa hiyo inakaa chini ya kufuli mpaka meli iwe mbali, nje ya maili 12 za baharini ambazo nchi inazihesabu kuwa zake.

Tulipoamka tumezungukwa na maji, maduka yako wazi na watu wamejazana kama soko la Majengo siku ya mkesha wa sikukuu. Nikachukua chupa tatu za Amarula (pombe tamu ya Afrika Kusini), za lita moja moja. Moja ya mkwe wangu Mpwapwa, moja ya mjomba, moja ya mwenye nyumba (ana maana yake, kodi ilikuwa imechelewa). Fedha taslimu hawataki, unagusisha kadi ya chumba. Halafu muuzaji akaniandikia karatasi na chupa akabaki nazo! Nikaanza kupandisha sauti. Shemeji akanivuta pembeni: pombe ya dukani huletewa chumbani usiku wa mwisho, usije ukainywa humu wakakosa mauzo ya baa. Kweli, usiku wa mwisho zikaletwa mlangoni, zimefungwa vizuri.

Asubuhi tunashuka Durban, meza ya forodha hii hapa. Afisa anauliza mna nini. Chupa tatu. Mko wangapi? Watatu. Nikajiona mjanja. Akamtazama kijana, akaomba pasipoti yake, akacheka. Pale mtu mzima anaruhusiwa lita moja ya pombe kali, na aliye chini ya miaka 18 hana haki ya hata tone. Kwa hiyo moja yangu, moja ya mama watoto, ya tatu haina mwenyewe. Nilipie ushuru au niiache. Hesabu aliyonitajia sikuipenda, nikaiacha. Mwenye nyumba akawa ametoka kwenye orodha.

Zikabaki mbili. Moja tukaizungushia khanga tukaiweka kwenye begi kubwa. Ya pili mama watoto akasema atabeba mkononi, isivunjike, si imenunuliwa dutifrii? Uwanja wa ndege wakaikataa kwenye mashine. Ile ruhusa ya kupita na chupa kubwa ni ya zile ulizonunua uwanjani penyewe au ndani ya ndege, kwenye mfuko maalumu uliofungwa, risiti ikionekana. Ya melini inahesabika kama maji ya kawaida, na mwisho ni mililita 100. Begi kubwa lilishaondoka kwenye mkanda. Mjomba naye akatoka.

Tatu zikawa moja. Hiyo ndiyo iliyopanda treni ya SGR na sisi kutoka Dar. Haya, leteni zenu.

Kijana wa Area C

Hahaha mkuu pole. Ila mtu anatoka Hombolo, nyumba imezungukwa na mizabibu, anavuka mpaka kwenda kufuata pombe?

Mama Ipagala

Baba Mzabibu, wewe ulivuka nchi. Mimi meli yangu ni boti ya Zanzibar kuja Dar, saa mbili na ushee, na yaliyonikuta ni yale yale.

Nilienda kwenye harusi ya binti wa kaka yangu. Kila mtu aliyekuwa akirudi bara anasema nunua runinga huku, huku nafuu. Nikanunua ya inchi 43. Muuzaji kaniandikia risiti kwa mkono, kwa huruma zake kaandika bei ndogo, eti itanisaidia. Nafika Dar, mizigo inapita kwenye mashine, naitwa pembeni. Natakiwa kulipa tofauti ya kodi ya Zanzibar na ya bara. Mimi nasema mwanangu, nimetoka Tanzania nimeingia Tanzania, tofauti ya nini? Kijana mpole tu, ananiita mama kila neno, lakini hashuki. Risiti yangu hakuiamini kabisa, akafungua orodha yake ya bei.

Nililipa. Nikalipa na mchukuzi, nikalipa na mzigo kwenye basi. Nimefika Dodoma napita maduka ya mjini, runinga ile ile iko kwenye kioo. Nilichookoa ni shilingi 15,000, na mgongo ulikuwa unauma wiki nzima.

Hilo la nchi moja meza mbili bado halijanikaa rohoni, nalisema hivyo hivyo.

Binti Kondoa

Mama pole. Mimi fupi. Nilikuwa naishi Singapore kikazi. Wikiendi moja tukavuka kwa boti kwenda Batam, Indonesia. Narudi na katoni moja ya sigara za babu yangu Kondoa, nikijua katoni moja dunia nzima wanaruhusu. Singapore hawana msamaha wa sigara hata pakiti moja. Unalipia yote au unaiacha. Bahati yangu nilipita njia nyekundu (ya wenye vitu vya kutangaza) mwenyewe nikauliza, maana waliopita ya kijani (ya wasio na kitu) na sigara niliwaona wakiitwa pembeni, na huko ukikamatwa ni faini juu ya ushuru. Babu nilimpelekea blanketi.

Baharia wa Manyoni

Wakuu, ngoja mimi niwaeleze kutoka upande wa ndani. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli ya kitalii, mikataba mitatu ya miezi tisa tisa, nyingi tukitokea Miami kuzunguka Karibi.

Kwanza, abiria wale wengi hawapandi meli kwa ajili ya bahari. Wanapanda kununua. Kuna kisiwa kinaitwa St. Thomas, mji wake Charlotte Amalie. Barabara ya mbele ni vito mtupu, duka kwa duka. Hicho kisiwa kilikuwa cha Wadenmaki na kilikuwa bandari huru tangu enzi zao. Marekani ilivinunua visiwa vile mwaka 1917 kwa dola milioni 25, na desturi ile ikabaki. Ndiyo maana mpaka leo Mmarekani anayerudi kutoka huko anaruhusiwa kuingia kwao na vitu vya dola 1,600 bila ushuru, wakati safari nyingine nyingi ni dola 800. Pombe iliyonunuliwa kwenye maduka ya melini ni lita moja, kama kwa Mzabibu. Abiria wanazijua namba hizo kuliko namba za simu za watoto wao.

Sasa sikilizeni. Siku moja nina saa tatu za mapumziko, nimeshuka, napita madirisha. Nakuta bango kubwa: TANZANITE. Duka zima! Nikasimama kama niliyeona mtu wa kijijini kwetu. Nikaingia. Muuzaji ananielekeza kwa sauti laini kwamba jiwe hili ni adimu, linapatikana sehemu moja tu duniani. Namuuliza sehemu gani. Anasema Afrika, karibu na Kilimanjaro. Nikamtolea pasipoti. Duka likacheka, akaniletea kiti na maji ya baridi, lakini bei haikushuka hata dola.

Jiwe limegunduliwa Mererani mwaka 1967, jina likapewa na Tiffany, kampuni ya vito ya New York, mwaka uliofuata, siku hizi machimbo yamezungushiwa ukuta wa kilomita zaidi ya 24. Na mimi, niliyezaliwa mwendo wa basi tu kutoka hapo, mara ya kwanza kulishika mkononi ni Karibi, kwenye duka la bila ushuru, nikiwa na aproni ya jikoni kwenye begi. Sijui niliite nini hilo.

Melini kulikuwa na mama wa mauzo, kazi yake kutoa darasa ukumbini kila kabla ya kufika bandari: duka gani lina dhamana, duka gani uonyeshe kuponi. Abiria walidhani ni ushauri. Sisi wafanyakazi tulijua kwamba maduka yale yanalipia kutajwa. Kwa hiyo mkisikia "duka lililopendekezwa na meli", ulizeni bei na duka la jirani lisilopendekezwa.

Jambo jingine: sigara kubwa za Cuba. Zinauzwa Cozumel, Mexico, kila kona. Lakini tangu Septemba 2020 Marekani hairuhusu abiria kuingia nazo hata kama ni za kuvuta mwenyewe. Basi usiku wa mwisho kabla ya Miami, sehemu ya wavutaji huko juu panafuka kama tanuri la matofali. Wazee wanavuta mbili mbili ili zisipotee. Asubuhi wako kijani usoni, kifungua kinywa kinarudi jikoni kizima.

Mwenyewe nilinaswa Dar, siyo Miami. Nimerudi na chupa tisa za manukato, mililita 100 kila moja. Zawadi za dada, shangazi na mchumba. Nikaambiwa ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Nikapiga kelele kwamba nimezinunua dutifrii! Afisa, mama mtu mzima, akanijibu: "Mwanangu, dutifrii ya huko. Hapa ni hapa."

Wakala Nkuhungu

Baharia, huyo mama alikuwa sahihi. Mimi ni wakala wa forodha, nimekaa Dar miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na hilo neno dutifrii limeliza watu wengi. Duka limesamehewa kwa sababu mali inatoka nchini pale. Wewe ukiingia nayo nchi nyingine umeiingiza, basi.

Kwetu imeandikwa kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano. Pombe kali lita moja, au mvinyo lita mbili. Ona hilo "au". Manukato na marashi kwa jumla nusu lita, na humo manukato yenyewe yasizidi robo lita. Sigara na tumbaku zote gramu 250. Chini ya miaka 18, pombe na tumbaku hakuna. Chupa tisa za Baharia ni mililita 900, hata ningekuwa ndugu yake nisingemtetea. Na vitu vya biashara havihesabiki kama mizigo ya abiria hata viwe vichache. Jezi 30 za saizi tofauti usiseme ni zako.

Mengine mawili watu husahau. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo ule mfuko mzuri wa dutifrii unaweza kuuacha uwanjani, hamisha vitu kwenye begi mapema. Na ukiwa na fedha taslimu kuanzia dola 10,000 au thamani yake, unatangaza. Kutangaza siyo kunyang'anywa. Kinachonyang'anywa ni ile uliyoficha.

Mama Ipagala, la Zanzibar nakuachia, nina maoni yangu lakini uzi utageuka.

Mrangi Mpole

Wakala samahani, na kinyume chake? Nataka kumpelekea rafiki yangu Johannesburg mvinyo wa Dodoma.

Wakala Nkuhungu

Afrika Kusini wanaruhusu mvinyo lita mbili. Chupa ni mililita 750. Mbili sawa, ya tatu inazidisha robo lita. Weka begi kubwa, funga kwa nguo. Na wewe ukinunua vitu madukani huko, tunza risiti ya kodi: mgeni akiwa na manunuzi ya zaidi ya randi 250 anaweza kudai arudishiwe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wakati wa kuondoka, ambayo ni asilimia 15. Ila bidhaa waione KABLA hujakabidhi begi.

Mzabibu wa Hombolo

Wakala, ulikuwa wapi Desemba? Tulinunua viatu vya watoto na jiko la gesi la mezani Durban mjini, risiti nikafungia karanga.

Na kweli nikiri: saa niliyoitamani melini, niliikuta mjini Durban kwa bei ya chini kuliko ya dutifrii. Tangu hapo neno hilo halinisisimui.

Kijana wa Area C

Sasa mzee, ile moja iliyofika. Mkwe alisemaje?

Mzabibu wa Hombolo

Mkwe hanywi. Nilikuwa nimesahau kabisa, mama watoto naye alikaa kimya makusudi, alitaka kuona nitafanyaje.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kabatini kando ya redio. Ile karatasi ya duka la meli haijabanduliwa mpaka leo. Akija mgeni anainuka, anaizungusha kidogo ili karatasi iangalie mlangoni, anarudi kukaa.