Ofisi tatu zinauliza swali lilelile, tufanyeje?

Habari zenu wakuu. Kampuni yetu ni ya watu sita. Tumetengeneza zao lenye jeni ya bakteria inayolikinga na viwavi. Ofisi ya mimea, ya mazingira na ya chakula zote zinataka tuombe kibali, na hilo sipingi. Kinachoniumiza ni jedwali moja tu, la kiasi cha protini ya jeni hiyo kwenye jani. Wa kwanza anataka kwa gramu ya jani bichi, wa pili jani lililokaushwa, wa tatu kasema maabara iliyopima haitambui, turudie. Msimu mzima umekwisha hivyo. Wenzangu wanataka tuandike barua sheria zipunguzwe. Mnatushauri nini?

MzeeWaMbegu: Pole sana ndugu. Barua hiyo iacheni kwanza, mtaonekana mnakwepa ukaguzi. Marekani waligawana kazi hii tangu 1986: USDA (wizara ya kilimo) huangalia madhara kwa mimea mingine, EPA (shirika la mazingira) dawa ya wadudu iliyomo ndani ya mmea, FDA (mamlaka ya chakula na dawa) chakula na malisho. Mahindi ya Bt, yenye jeni ya bakteria kama zao lenu, yanapita kote kutatu, na ni maswali matatu kweli. Ninyi mnalalamikia swali moja kuulizwa mara tatu. Andikeni hilohilo, jedwali likiwa ushahidi.

Mkaguzi_Mstaafu: Nimepitia maombi ya aina hii miaka mingi, na siungi mkono kila kitu kiwekwe ofisi moja. Anayejua viwavi hajui mzio wa chakula. Ombeni kikao cha pamoja kabla ya kupanda jaribio, wakubaliane vipimo na maabara, kisha wote watatu wasaini muhtasari. Msipopata saini, afisa akihamishwa mnaanza upya.

Nzi_wa_Maabara: Naongeza: ulizeni pia nani mwenye kauli ya mwisho. Mbu waliobadilishwa jeni kule Marekani walianza kushughulikiwa na FDA kama dawa ya wanyama. Mwaka 2017 ndipo ikaelezwa kwamba wakikusudiwa kupunguza idadi ya mbu, ni kazi ya EPA.

Mleta uzi: Asanteni sana. Jedwali nalipanga upya, bichi na kavu safu mbili, liende kwa wote siku moja. Mzee Mkaguzi, kikao kinaombwa na sisi au na wao?

Mkaguzi_Mstaafu: Ninyi. Barua iende ofisi ya mazingira, maana protini yenu ni sumu ya wadudu, na hao wawili wapate nakala. Maabara itajeni humohumo, wakiikataa waikatae sasa.