Tupeane uzoefu: kipindi cha michezo bila vifaa, mnawachezesha nini?

Kipenga
Walimu wenzangu, habari za kazi. Kipindi kikiwa cha dakika 40, ukitoa muda wa kubadili nguo, kutoka na kurudi, zinabaki kama 25 za kukimbia kweli. Ukianza kupanga koni na kugawa jezi, zimeyeyuka. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, kwa hiyo kila dakika ninayosimama kuwapa maelezo nawapunjia.

Naomba tupeane michezo ambayo ukifika tu uwanjani inaanza. Sharti langu ni moja: asiwepo mtoto wa kukaa pembeni. Michezo mingi humtoa anayeguswa, na wa kwanza kuguswa karibu siku zote ni yule mzito wa miguu, ambaye ndiye mwenye haja kubwa ya kukimbia.

Naanza na mkia. Kila mtoto anachomeka kipande cha kitambaa nyuma kiunoni, kining'inie kufika karibu na goti. Kukifunga ni marufuku, kikivutwa kinachana nguo. Kipenga kikilia, kila mtu anawinda mikia ya wengine huku akilinda wake, bila kuushika na bila kuegemea ukuta. Aliyenyang'anywa hatoki. Anaendelea kuwinda, akipata mwingine anauchomeka. Dakika mbili tu wanahema, tunapumzika, tunarudia. Nina binti ambaye kwenye mbio za kawaida hujificha mwisho wa foleni. Kwenye mkia anasimama katikati kabisa, anajizungusha taratibu, anawangoja wenye mbio wajisahau wakikimbizana. Wakipita karibu yake, anachomoa. Wenzake sasa wanamwogopa kuliko yeyote.

Mwalimu wa Mchana
Asante kwa uzi huu mkuu. Mimi ni chui na chura. Safu mbili katikati ya uwanja zinatazamana, hatua mbili kati yao. Huku chui, kule vyura. Nikiita "chui", chui wanawafukuza vyura mpaka mstari ulio nyuma yao. Nikiita "chura", wanageuziana kibao.

Utamu wote uko kwenye mwanzo wa neno. Nalivuta: "Chuuuu…" Hapo utaona safu zote mbili zimeinama, visigino juu, macho yote mdomoni kwangu. Wakishazoea nawachomekea "chungwa" au "chumba", na atakayechomoka anaruka mara tatu palepale. Anayeguswa anahamia upande uliomgusa na mchezo unaendelea. Mwisho wake safu zimechanganyika kiasi kwamba hakuna anayeuliza nani kashinda, nami napenda hivyo.

Angalizo: mstari wa mwisho usiwe ukuta kamwe. Mtoto anayefukuzwa hapunguzi mwendo mpaka auvuke, kwa hiyo acheni mita kadhaa za kusimamia.

Jirani wa Uwanja
Kwenye kupokezana vijiti, tazameni foleni zenu. Watoto 40 kwa foleni nne maana yake mmoja anakimbia na tisa wanamtazama. Wapangeni watatu watatu. Kijiti kikikosekana, wagongane viganja.

Wanaovuta kamba: asiizungushe mtoto mkononi wala kiunoni. Kamba ikikaza ghafla inaweza kukata vidole. Hilo nalisema kila mara kabla hawajaigusa, hata kama wananijibu kwa pamoja kwamba wanajua.

Mwalimu Mwanafunzi
Shikamooni walimu wangu. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo, darasa ni kubwa na uwanja ni finyu. Nachezesha barafu: ukiguswa unaganda, mwenzako anakuja kukuyeyusha. Lakini baada ya muda mfupi nusu ya darasa imeganda na hakuna anayejisumbua kuwaokoa. Nifanyeje?

Kipenga
Marahaba, karibu sana kwenye kazi hii. Tazama kwanza idadi ya wakimbizaji. Mmoja kwa kila watoto kumi anatosha, na uwabadilishe kila dakika. Kisha geuza unachokihesabu: usiulize umegusa wangapi, uliza umeokoa wangapi. Swali hilo tu linabadilisha uwanja mzima, utawaona wanakimbilia walioganda badala ya kujificha.

Kuokoa kuwe kwa kugonganisha viganja vya mikono yote miwili. Kupita chini ya miguu huleta vichwa kugongana na magoti. Na kwa kuwa uwanja ni mdogo, wakataze kukimbia: wote watembee haraka, mguu mmoja uwe chini muda wote. Hapo mwenye mbio hana cha kujivunia, na migongano inapungua mno.

Mzee wa Kikapu
Niongezee hapo. Tusingoje vifaa vije. Mpira wa kikapu wenyewe ulizaliwa kwenye kipindi kama hivi vyetu: Desemba 1891, Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, James Naismith akiwa na darasa la vijana 18 waliobanwa ndani na baridi. Alitumia mpira wa soka na vikapu viwili vya kuwekea matunda. Mimi natumia ndoo na soksi zilizoviringishwa, na watoto wanaruka vilevile.

Mwalimu wa Elimu Maalumu
Naomba tusiwasahau wasioona. Kuna mchezo uitwao golboli, ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na tangu 1976 umo kwenye Paralimpiki. Wachezaji wote hufungwa macho, mpira una njuga ndani. Mimi nauiga kwa kuutia mpira wa kawaida kwenye mfuko wa plastiki unaochakarisha. Safu mbili zinapiga magoti zikitazamana, wote na vitambaa machoni, mpira unaviringishwa chini, wanaouzuia wanausikiliza. Naucheza mwishoni, wakishachoka kukimbia, kwa sababu unataka utulivu. Mwanafunzi wangu asiyeona ndiye anayewafundisha wenzake: analaza kiganja sakafuni, anageuza shavu, na mkono wake unafika kabla wengine hawajajua mpira uko upande gani.

Mwalimu Mwanafunzi
Asanteni sana, kesho najaribu. Huo mpira uwe wa aina gani, mwalimu?

Mwalimu wa Elimu Maalumu
Wowote unaoviringika vizuri, ila uwe mwepesi, kwa kuwa anayeupokea hauoni ukija. Sema wazi kwamba kuurusha juu hairuhusiwi. Na kabla ya kuwafunga vitambaa, pita mwenyewe uokote kokoto zote pale watakapopiga magoti.