Naomba ushauri: gari la babu Unguja, Trabant au Wartburg?

Ndugu wanachama, hamjambo. Nina picha ya babu akiwa ameegemea gari dogo Kikwajuni, Unguja, enzi zile Ujerumani Mashariki ilipokuwa ikijenga nyumba za ghorofa huko. Bibi anakumbuka tu kwamba oili ilichanganywa na petroli, na kwamba moshi wake uliziharibu kanga zake zilizoanikwa kambani, jambo ambalo hajalisamehe hadi leo. Nimelinganisha na picha za magari mawili ya Ujerumani Mashariki, Trabant 601 yenye silinda mbili na Wartburg 353 yenye tatu, lakini babu ameziba pua yote ya gari, hivyo kinachoonekana vizuri ni mlango wa abiria wa nyuma na taa moja. Je, kuwapo kwa mlango huo kunatosha kuiondoa Trabant? Na Wartburg 353 nitaitofautishaje na 311 iliyoitangulia, nikitazama upande wa nyuma pekee?