Naomba ushauri: bei ya kukagua na kupima umeme shule ya serikali

Wakuu, heshima kwenu. Ni fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania), nipo Temeke. Nimeombwa bei ya kukagua na kupima umeme wa shule ya serikali: majengo 6, saketi (njia za waya zinazotoka kwenye bodi ya umeme) kama 90, waya za zamani, michoro hakuna. Kupima ukinzani wa kihami (yaani kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja) kwa volti 500 lazima nizime umeme, kwa hiyo ni kazi ya wikendi au likizo.

Nimepiga hesabu kwa mita za mraba, nikaona napunjika. Kwa siku za mafundi wawili, bei ikapaa. Kupima nusu nusu sitaki kabisa, watoto wanasoma humo.

Je, mnatoza kwa saketi au kwa siku? Na bei ya marekebisho mnaitenga na ya kupima?