Siga nzito mnaipimaje?

Mwana Upanga
Wakuu, habari za jioni. Sisi washkaji wa ofisini huwa tunakutana Ijumaa moja moja barazani kwa mwenzetu huku Upanga, tunavuta siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, na kubishana. Safari hii zamu ya kuleta na kueleza ni yangu. Ninazo Partagás Serie D No. 4 za Cuba na nyingine za Estelí, Nikaragua, jani la nje jeusi tititi. Kuna jamaa mmoja pale, mjuaji kwelikweli, keshatangaza kwamba hizo nyeusi ndizo nzito, za Cuba ni za akina dada. Naomba kujuzwa: uzito wa siga unapimwa kwa rangi, kwa kizunguzungu, au kwa nini hasa? Na hizi habari za "ladha ya ngozi na chokoleti" ni kweli au watu wanajitungia? Wa kuniambia niache, mke wangu ameshawawakilisha.

Chaurembo
Hela ya siga moja si napata pweza Coco Beach na chenji inabaki? Haya, nimekaa hapa nafuatilia.

Mteuzi Mstaafu
Kijana wangu, nimekuwa mteuzi wa tumbaku, yaani mpanga madaraja ya majani, Urambo na Tabora kabla ya kuhamia Mbagala. Ile yetu ni ya mvuke, inakaushwa kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia kwa moto. Ya siga hukaushwa kwa hewa, kisha inarundikwa ijichemkie yenyewe, inapinduliwa, inarundikwa tena, mpaka amonia itoke. Ila jani ni jani.

Mwambie mjuaji wenu rangi haimwambii kitu kuhusu nguvu. Jani la nje likiwa jeusi, mara nyingi limechachushwa muda mrefu na kwa joto zaidi, na hilo huleta utamu. Nguvu iko tumboni mwa siga, kwenye majani ya ndani. Kwenye mche wa tumbaku, majani ya juu ndiyo yanayopigwa jua zaidi. Yananenepa, yanashika mafuta na nikotini. Wacuba wanayaita ligero. Ya kati ni seco, ya chini volado, mepesi, kazi yake kubwa ni kusaidia moto. Mviringaji huiweka ligero katikati kabisa kwa sababu inaungua polepole. Basi uliza ndani mna ligero kiasi gani, usiulize nje pana weusi gani.

Halafu tenganisha mambo mawili. Nguvu ni nikotini: jasho jembamba usoni, tumbo kuvurugika. Uzito ni jinsi moshi unavyokaa mdomoni. Chai ya rangi na uji wa ulezi vinaweza kuwa na moto sawa, lakini mdomo unajua kipi kizito. Iko siga inayokutikisa na moshi wake mwembamba, na iko inayojaza mdomo wote ukainuka salama.

Kuipima: ipapase kabla hujawasha. Palipo laini ghafla pana upungufu wa majani, palipo na kifundo patakaba. Kata kidogo kichwa, ile ncha ya mdomoni, uvute bila moto. Hewa ipite kwa ubishi kidogo. Ukishawasha, vuta kama mara moja kwa dakika, moshi usiumeze. Ukiikimbiza inapata joto, na hata siga nzuri inakuwa chungu. Moshi kidogo sana utolee puani, maana hapo ndipo pilipili manga inapojitokeza.

Ngozi na chokoleti si uongo, ni lugha ya waliozoea vitu hivyo. Wewe andika unavyovijua: kahawa chungu ya kijiweni, karanga zilizoungua kidogo, mdalasini, udongo wa mvua ya kwanza. Andika kila theluthi ya siga peke yake: mwanzo, kati na mwisho. Kama theluthi zote tatu zinafanana, mimi siipi daraja la juu hata ikipiga vipi.

Binti Mzizima
Akina dada tupo na tunavuta, na hiyo Serie D No. 4 inahesabiwa kwenye nzito za Cuba.

Mzee hajagusa unyevu. Kwa Dar hii, ukiiacha kabatini wakati wa masika inavimba, inavuta kwa shida na kuzimikazimika. Ukiiacha chumba cha AC inakauka, inaungua mbio na kuwa kali bure. Lenga asilimia 65 hadi 70. Mimi natumia kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana na pakiti za kudhibiti unyevu. Ukiona vitundu vidogo kwenye jani, ni dudu la tumbaku. Joto letu linaliamsha. Zifunge kwenye mfuko, weka friza siku kadhaa, zihamishie friji, ndipo uzitoe nje. Na mle kwanza! Siga nzito na tumbo tupu haviendani.

Mwana Upanga
Mzee, shikamoo. Dada, ahsante sana. Nianze na ipi?

Mteuzi Mstaafu
Marahaba. Usivute zote mbili jioni moja, ulimi ukishapigwa na ligero hauteui tena. Na mkeo yuko sahihi: kutomeza moshi hakukukingi na saratani ya mdomo wala ya koo.

Zile pete za karatasi zenye jina la siga zitoe zote kabla hujagawa. Mjuaji wenu mfunge kitambaa machoni, mpe moja tu, avute mpaka nusu, halafu akwambie kama ni nyeusi au ya akina dada. Utuletee majibu hapa Jumamosi.